Saa Nane ya Muheza

Ratiba niliiandika Jumatatu ya 2 Septemba 2024. Ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi huku Marekani, chuo kimefungwa, na mimi sina pa kwenda. Niliichora kwenye karatasi ya manila, kwa rula na kalamu ya wino mwekundu, kama tulivyokuwa tukichora ratiba za vipindi sekondari. Wiki kumi na nane mpaka mtihani wa Januari, saa kumi na nne za kusoma kila wiki. Jumla saa 252. Jumla hiyo nikaipigia mistari miwili chini yake, kana kwamba nimeshazisoma zote.

Mtihani wenyewe unaitwa LSAT, ule wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada. Hauulizi sheria hata moja. Unakupa hoja fupifupi na kukuuliza zimelegea wapi, kisha unakupa vifungu virefu vya kusoma. Sehemu ni nne, kila moja dakika 35, na mojawapo haihesabiwi ila huambiwi ni ipi. Alama zinaanzia 120 na kuishia 180. Kitabu changu cha mtumba kilikuwa na theluthi nzima ya mafumbo ya kupanga watu kwenye viti na siku za wiki, mafumbo ambayo yaliondolewa kwenye mtihani Agosti ile ile. Yaliondolewa kwa sababu watahiniwa wasioona walishtaki kwamba huwezi kuyafumbua bila kuchora, na mwaka 2019 pande mbili zikapatana. Nilizipenda habari hizo kuliko kitabu chenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya isimu hapa Madison, Wisconsin, nikifundisha Kiswahili cha mwaka wa kwanza ili nilipiwe ada. Nilipomwambia mjomba kwamba baada ya isimu nataka sheria, aliuliza swali moja tu: "Ukishazisoma hizo sheria za Wamarekani, huku Muheza utakuja kumtetea nani?" Nilicheka. Jibu sikuwa nalo, na mpaka leo ninalo nusu.

Saa kwenye ratiba niliziandika kwa hesabu ya nyumbani. Kusoma kulianza saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili. Mwenzangu wa chumba alisimama mbele ya friji, akaitazama ile manila, akaniuliza kwa upole kama kweli naanza kusoma saa nne na nusu usiku na kumaliza usiku wa manane, mbona basi nasinzia mapema hivyo.

Kila kitu kilikuwa na safu yake: kufundisha, kusahihisha, madarasa yangu mwenyewe, kufua, sokoni, hata kupumzika, Jumapili saa mbili. Swala zilikuwamo, maana zenyewe zina saa zake. Nyumbani hakukuwa na safu. Ningependa kusema nilisahau.

Ukweli ni kwamba baba alikuwa na kesi. Ni ukanda wa shamba, hatua thelathini hivi kwa upana, wenye michungwa aliyoipanda babu. Mpaka wetu ulikuwa wa minyaa, na jirani akaing'oa minyaa hiyo na kupanda mingine ndani ya shamba letu. Tangu 2021 baba alikuwa akipanda na kushuka baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na tangu 2021 kila simu ya nyumbani ilikuwa ya kesi. Shahidi hakuja. Faili halionekani. Mwenyekiti ana udhuru. Nilichoka kuisikia. Nilitaka kuwa mwanasheria na nilichoka kuisikia kesi ya baba yangu, vyote viwili kwa wakati mmoja, na sikuona kama vinagongana. Mbaya zaidi, barua yangu ya maombi kwa vyuo vya sheria ilianza na ile michungwa. Niliandika kwamba tangu utotoni nimekuwa macho ya baba yangu mbele ya karatasi za serikali. Mwalimu aliyeipitia aliandika pembeni kwamba aya hiyo imemgusa.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda bila kupangwa. Baba hupiga saa nane mchana, akishaswali adhuhuri na kula, kabla ya kurudi shamba. Saa nane ya Muheza ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya Madison. Nilikuwa nikifunga kitabu, simu inaita. Dakika kumi za kesi nilizivumilia, nikaoga, nikaenda kufundisha.

Na kusoma kulikuwa kunasonga. Kilichonisumbua kwanza ni masharti. Hoja nyingi za LSAT husimama juu ya neno moja dogo kama "unless", na ukilielewa kinyume umekwisha. Una dakika moja na sekunde ishirini na kitu kwa kila swali, na mimi nilizitumia kuligeuza neno kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kisha asubuhi moja nikamkumbuka mama. "Huendi kucheza mpaka uoshe vyombo." Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba sentensi hiyo haimwahidi kitu. Ukishaosha vyombo utaambiwa ufagie uwanja, ukishafagia utatumwa dukani. Kuosha vyombo ni sharti la lazima, halijawahi kuwa sharti la kutosha. Kitabu kilikuwa kimetumia kurasa kumi na moja na mishale kueleza jambo hilo hilo. Nikaanza kuandika "vyombo" pembeni mwa maswali ya aina hiyo, na katika wiki tatu nikatoka 149 nikafika 156 kwenye mazoezi.

Jumapili ya 3 Novemba Marekani ikarudisha saa nyuma. Nilimtumia mama ujumbe wa sauti kumweleza. Akajibu: "Saa inarudishwaje? Na jua nalo wamelirudisha?"

Kwa baba saa nane ni saa nane. Aliendelea kupiga saa yake, ila sasa kwangu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, katikati ya sehemu ya kwanza ya mazoezi, mimi niko swali la ishirini na saa inakimbia. Nikakata. Nikaandika: "Shikamoo baba, niko kwenye mazoezi ya mtihani, nitakupigia." Nilipomaliza nikapiga, lakini kwao ilikuwa saa tisa, ameshakwenda shamba, na kule nyuma ya kilima mtandao haufiki. Kesho yake ikawa vile vile. Wiki ya pili nikaanza kuiweka simu kwenye droo.

Nafasi nyingine zilikuwepo, nikisema kweli. Saa tatu usiku yangu ni saa kumi na mbili asubuhi yao, na baba hakuna siku jua limemkuta kitandani. Lakini kwenye manila saa tatu usiku palikuwa pameandikwa "kupitia makosa", na mimi niliiheshimu ile manila kuliko mtu yeyote wa kwetu. Katikati ya mwezi mama alituma sauti fupi: "Baba yako ana kitu anataka kukusomea. Si haraka." Mama anaposema si haraka, ujue amekaa nalo siku kadhaa. Hilo nalijua, na nalo nililiacha lipite.

Jumamosi ya 30 Novemba ilikuwa wikiendi ya sikukuu yao ya shukrani. Mwenzangu wa chumba alikuwa amekwenda kwao. Ratiba ilitaka nifanye mtihani mzima wa mazoezi kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Jana yake nilikuwa nimefanya mwingine nikaporomoka hadi 152, na nilikaa mezani nimeuwasha mtihani bila kubonyeza kitu. Simu ikaita. Nikapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeshamaliza mtihani?"

"Bado. Ni Januari."

"Basi nitakuwa mfupi."

Hakuwa mfupi. Hukumu ilikuwa imetoka tangu 22 Oktoba, na alikuwa ameshindwa. Akaanza kuisoma kuanzia muhuri wa juu, kurasa tisa, kwa sauti ile anayosomea barua za watu msikitini. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza, kwa hiyo hakuna mahali aliponihitaji nimtafsirie. Alisoma mdai, mdaiwa, shahidi wa kwanza wa mdai, ambaye ni yeye mwenyewe, na hapo akatua kidogo. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kipima muda cha kompyuta, kwa mazoea. Dakika ya 35 ilipita yeye yuko ukurasa wa saba.

Kwenye ukurasa huo mwenyekiti alisema kwamba, kwa kuwa mdai hakuleta maandishi yoyote ya kuonyesha mpaka, eneo lile si la mdai. Nikaruka. Hilo kosa nalijua, lina sura nzima kwenye kitabu changu: kukosekana kwa ushahidi wa jambo hakuthibitishi kwamba jambo halipo. "Baba, hapo wamekosea! Hoja yao haisimami!" Nikamweleza kwa dakika nzima, nina furaha kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono kwanza.

Baba aliningoja nimalize. "Mama," akasema, "mimi ndiye niliyeshtaki. Anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Hilo wakili ameshanieleza."

"Wakili yupi?"

Ndipo akanieleza siku zake zilivyokwenda. Siku ya hukumu aliambiwa ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Akaichukua kalenda ya duka la pembejeo iliyoko ukutani, akahesabu mpaka 6 Desemba, akaizungushia duara, na kila jioni akawa anakata siku moja kwa mkaa. Ukanda wa michungwa aliuacha kama ulivyo, asije akaambiwa ameingia. Alikwenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata yetu, dada mmoja mwenye daftari, ambaye alimpeleka kwa wakili wa msaada wa kisheria mjini Tanga. Wakili hakujishughulisha na minyaa wala na ukurasa wa saba. Aliuliza swali moja: yale maoni ya wazee wawili wa baraza, yalisomwa mbele yenu kabla ya hukumu? Baba akasema hakuna kilichosomwa, waliambiwa tu tarehe ya kurudi. Wakili akaandika. Rufaa iliingizwa Ijumaa, siku ya 38.

Ijumaa, yaani jana yake.

Nilimuuliza kwa nini basi alikuwa anapiga kila siku, kama msaada alishaupata. Nilitaka aseme alikuwa ananisalimia tu.

"Nilitaka uisikie kabla sijaipeleka," akasema. "Uniambie kama nimeielewa."

Nikamwambia ameielewa. Sauti yangu haikutoka vizuri, akadhani ni mtandao, akasema tutaongea kesho, nenda kafanye mazoezi yako. Siku ile sikufanya. Nilifungua barua ya maombi nikaifuta ile sentensi ya macho ya baba. Nilikaa nayo mpaka adhuhuri bila kupata ya kuweka mahali pake, nikaiacha aya ianze na minyaa, jinsi inavyokatwa na utomvu wake unavyowasha macho.

Desemba yote niliongea na baba saa kumi na moja alfajiri na mazoezi nikayasogeza. Wakati mwingine ilikuwa kesi, wakati mwingine bei ya machungwa, ambayo huwa anaieleza kwa hasira nyingi kuliko kesi. Zile dakika nazo niliziandika kwenye daftari la saa, sijui kwa nini, labda kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuzitunza. Mtihani ulipofika nilikuwa nimesoma saa 171 kati ya 252, na saa kumi na moja nyingine ni za baba. Nyingine zilikwenda na mafua na kusahihisha ngeli za watu.

Nilipata 157. Nilitaka 163. Nitarudia Aprili, ada yake ni zaidi ya dola 200, na sitasingizia simu. Sehemu iliyoniangusha ni ya kusoma vifungu, ambayo niliipa muda mdogo tangu mwanzo kwa kuamini kwamba mtu wa isimu hawezi kushindwa kusoma.

Wiki iliyopita nilinunua manila nyingine. Nilikuwa naipigia mistari simu iko kwenye spika, baba ananiambia kwamba rufaa itatajwa 11 Machi, saa tatu asubuhi, Tanga.

"Kwako itakuwa saa ngapi?"

Nikaanza kutoa tisa, kisha nikakumbuka. "Saa saba usiku. Tarehe tisa saa zinabadilika tena."

"Wanazirudisha?"

"Safari hii wanazipeleka mbele."

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema basi mimi nilale tu, itakuwa Ramadhani, atanipigia nikiamka kula daku. Nikasema sawa. Kwenye Jumanne ile, saa saba usiku, nilikuwa nimeshaandika "usingizi" kwa wino. Nikakata mstari juu yake na kuandika "Tanga".