Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Pima Kwanza

Tangu intaneti ilipoingia vijijini mwetu, ugomvi wa namna mpya umeingia pamoja nayo. Zamani ndugu waligombana juu ya mpaka wa shamba au zamu ya maji ya mfereji. Siku hizi wagombana kwa sababu mtandao waenda polepole, na kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake ndiye anayeumaliza. Nataka kuwaeleza wasomaji mambo yaliyoipata jamaa yetu, maana huenda yakawafaa wengine.

Kwetu ni Kilimanjaro, mgombani. Katika kiwanja kimoja tuna nyumba tatu: ya kaka yangu mkubwa karibu na barabara, ya watoto wake katikati, na ya mama yetu mzee huko chini. Ndugu zetu wa mjini walituletea vyombo vitatu vya waifai, kila nyumba kimoja. Cha kwanza kimeungwa na ruta yenye laini ya simu; cha pili hupokea kwa cha kwanza; cha tatu hupokea kwa cha pili. Mafundi huuita mpango huo meshi.

Mwanzoni furaha ilikuwa kubwa. Kila Jumapili baada ya Misa, Mama huzungumza na mdogo wetu, ambaye ni padre na yuko masomoni Roma, akimwona uso wake. Lakini baada ya miezi michache uso ule ulianza kukwama na sauti kukatikakatika. Mama ana miaka 83, na kila Jumapili kwake ina thamani kubwa. Kaka alikasirika. Alisema mkosaji ni binti yake, anayesomea ualimu kwa njia ya intaneti, kwa kuwa kila wakati yuko na simu mkononi. Akaazimia kumnyang'anya simu hiyo, na masomo yaishie hapo.

Binti akanijia machozi yakimtoka. "Shikamoo, Baba mdogo. Jumapili saa hizo mimi niko kwenye mazoezi ya kwaya. Nitaumalizaje mtandao?"

Nikamwendea kaka, nikamwambia, "Kaka, tupe siku mbili. Tupime kwanza, ndipo uamue." Akakubali, ingawa kwa shingo upande.

Mfereji ukikauka shambani, mtu mwenye akili hapigi kelele na jirani. Hupanda mlimani hadi penye banio, kisha hushuka nao hatua kwa hatua. Nasi tulifanya vivyo hivyo. Tulizima simu zote isipokuwa moja, tukasimama karibu na ruta, tukafungua programu ya kupima mwendo. Ikaonyesha megabiti 24 kwa sekunde. (Yafaa kujua kwamba megabiti 8 ndizo hufanya megabaiti 1, kwa hiyo kitabu cha megabaiti 24 kitachukua sekunde 8 kushuka.) Basi chanzo kilikuwa kizima. Kama tungeona 2 au 3 hapo, tungetazama bando, au tungengoja saa nyingine, kwa maana jioni mnara wa simu hulemewa na watu wengi, wala hatungegusa kitu kingine.

Karibu na chombo cha pili tulipata 9. Karibu na cha tatu, kwa Mama, tulipata 2 tu. Na binti hakuwako nyumbani siku ile. Kaka alinyamaza kimya.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mahali. Chombo cha pili kiliwekwa stoo, juu ya friji, nyuma ya ukuta wa mabati. Mawimbi ya waifai hayapenyi bati, na maji huyameza. Nayo migomba, kama tujuavyo, imejaa maji shinani na majanini. Tena mawimbi hayo ni ya namna mbili: ya gigahezi 5 yana mbio lakini huchoka upesi, na ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi lakini hubeba kidogo.

Sababu ya pili ni kupokezana kwenyewe. Padre mgeni akihubiri kwa mkalimani, mahubiri ya dakika 20 huchukua 40, maana mkalimani hawezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Vyombo kama vyetu hufanya hivyo hivyo: nusu ya muda vyasikiliza, nusu vyasema. Wakalimani wakiwa wawili, mmoja nyuma ya mwingine, mambo huzidi kuchelewa. Ndiyo maana anayekimbilia kununua chombo cha nne huenda akaongeza ugonjwa.

Tulitengeneza jambo moja moja, tukipima kila mara, kwa sababu anayebadili yote kwa pamoja hajui dawa ipi iliyoponya. Kwanza tulikitoa chombo stoo, tukakiweka juu dirishani, kikitazamana na nyumba ya kaka. Kikapanda toka 9 hadi 15. Kisha tulivuta waya wa mtandao wa meta 40 toka cha kwanza hadi cha pili, ndani ya bomba chini ya ardhi. Waya wa namna hiyo wafaa hadi meta 100. Sasa cha pili kikatoa 23, na kwa Mama 12. Kuonana uso kwa uso na mtu mmoja, megabiti 4 zatosha. Lakini jihadharini na radi: waya kati ya nyumba na nyumba waweza kuileta ndani. Mawingu yakianza kunguruma, sisi huchomoa ncha zote mbili.

Jioni ile kaka alimwita binti yake mbele ya Mama, akamwambia, "Mwanangu, nilikuonea." Binti sasa yuko mwaka wake wa mwisho wa masomo.

Wazazi wenzangu, sisemi kwamba vijana hawana makosa na simu zao. Wanayo, na ni wajibu wetu kuwaongoza. Lakini mtoto aliyeadhibiwa kwa kosa asilolitenda hujifunza kwamba kusema kweli hakumsaidii kitu, na funzo hilo ni gumu kulifuta. Kupima kulituchukua siku mbili tu.