Wosia wa Mapezi

Wajukuu zangu wa Bukoba na Muleba,

Macho yangu hayaoni tena miiba ya furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na mkono unatetemeka nikishika mkasi. Kazi ya kuwahifadhi samaki ili wanafunzi na wageni wawaone kama walivyotoka ziwani naiacha kwenu. Vifaa gawaneni kwa amani. Neno ninalowaachia ni hili: tunzeni mapezi, na mkiyatengeneza, tengenezeni kwa ukweli.

Samaki hujulikana kwa mapezi yake. Sangara ana miiba mikali mbele ya pezi la mgongoni na sehemu laini nyuma yake. Sato ana michirizi ya wima mkiani. Furu dume ana madoa ya njano au ya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana na mayai. Jike, aliyekwisha kuyabeba mayai yake mdomoni, huyafuata madoa hayo na hapo mayai hurutubishwa. Wataalamu huhesabu miiba ya mapezi wanapotofautisha aina moja na nyingine. Ukimwonyesha mtoto furu asiye na pezi lenye madoa, umemnyima nusu ya somo.

Nalisisitiza hili kwa sababu ziwa letu limebadilika. Sangara waliletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wameenea kote. Ngege, samaki wa asili hapa, walipungua sana, na aina nyingi za furu zikatoweka kwenye nyavu. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikusanya furu katika Ghuba ya Mwanza na kuwahifadhi ndani ya spiriti. Zipo aina ambazo leo utazikuta kwenye chupa za Uholanzi kwa urahisi kuliko kwenye maji yetu. Kwa hiyo kila samaki mtakayemhifadhi kutoka Kemondo, Nyamukazi au Bumbire ni shahidi wa ziwa hili. Shahidi huyo asiharibiwe na uzembe wetu.

Sasa shikeni kazi yenyewe. Kabla ya kuchuna, mpigeni samaki picha akiwa mbichi, mapezi yamekunjuliwa, rula ikiwa kando yake. Mkichuna, kateni shina la pezi kwa ndani, kisha kwangueni nyama yote; nyama ikibaki huoza na kuita wadudu. Kunjueni pezi lingali bichi, liwekeni katikati ya vipande viwili vya boksi vilivyofunikwa nailoni ili lisigande, na mlibane kwa vibanio vya nguo. Likaukie kivulini penye upepo. Pezi ni jembamba, hukauka kabla ya mwili, na jua kali hulipasua. Huku kwetu mvua ni nyingi na hewa ina unyevu. Kwa hiyo msilifungue mapema, litajikunja.

Likishakauka, litieni nguvu kwa nyuma, upande usioonekana. Pakeni gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, lazeni karatasi laini ya tishu au kitambaa chepesi, kisha pakeni tena. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene, kwa sababu gundi nyingi huficha miiba. Mwiba uliovunjika uungeni kwa kipande cha mshipi wa nailoni kilichogandishwa nyuma yake. Utando uliochanika uungeni kwa tishu na gundi, si kwa uzi. Na ufa mdogo msiungojee: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pezi la kifuani likipotea, pimeni lile la upande wa pili, kwa kuwa yako mawili. La mgongoni halina pacha, na hapo ndipo picha ya siku ya kwanza itawaokoa. Msibuni. Msiongeze mwiba ambao samaki hakuwa nao, wala msichukue pezi la samaki mwingine mkaliweka kana kwamba ni lake. Msipake rangi ya kung'aa ili kumfurahisha mnunuzi. Pasipo na ushahidi, acheni pengo lionekane. Pengo halidanganyi mtu.

Kwa kujifunza, tumieni mapanki, yaani mabaki ya sangara aliyeondolewa minofu: mikia ya sangara imo humo, na ukiharibu hujapoteza kitu. Msimtafute sangara aliye chini ya sentimita 50 kwa ajili ya kumtundika ukutani. Sheria inamlinda, na ziwa linamhitaji.

Kila samaki aandikiwe kibao: jina lake la hapa na la kitaalamu, mahali alipovuliwa, tarehe, na sehemu zilizotengenezwa. Mkimbeba, shikeni ubao wake, kamwe si pezi. Mfundisheni kila kijana atakayeuliza, awe wa kisiwani au wa mjini, na msimfiche siri ya gundi wala ya mkasi. Asiyejua aambiwe, naye anayejua afundishe wengine.

Samaki aliyehifadhiwa kwa uongo ni mapambo. Aliyehifadhiwa kwa ukweli ni elimu. Wajukuu zangu, chagueni elimu. Mungu awabariki.

Babu yenu