Kichwa cha Bibi kilichopona kila alipotoka nje

Siku ya nne tangu ashuke ndege, Bibi alianza kuumwa kichwa. Kilianza jioni baada ya chakula, kikambana paji lote la uso kama kitambaa kilichokazwa. Binti yake akamwambia ni uchovu wa safari. Basi kutoka Njombe hadi Dar es Salaam, kisha usiku mzima angani, halafu anapokelewa na baridi ya Novemba ya Uingereza, nani asingeumwa? Akampa vidonge viwili na chai ya tangawizi, Bibi akalala.

Alikuwa amekwenda Leicester kumuuguza binti huyo aliyejifungua mtoto wa pili. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 6. Baba yao anafanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo. Anaondoka jioni, anarudi alfajiri, anapanda ngazi na kulala hadi mchana.

Nyumba ni ya kupanga, ya matofali mekundu, imeshikana na nyingine kama hizo mtaa mzima. Zilijengwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati vyumba vikipashwa joto kwa makaa ya mawe, ndiyo maana kila paa lina dohani, bomba la kutolea moshi lililojengwa kwa matofali. Siku hizi makaa ya mawe hayapo. Pale sebuleni palipokuwa na moto wa zamani, pamewekwa moto wa gesi wenye makaa ya bandia ya udongo wa kuchomwa, na ndimi zake ni za njano ili macho yadanganyike kwamba ni moto wa kweli. Bibi aliupenda tangu siku ya kwanza. Alivuta kiti, akanyoosha miguu, akampakata mjukuu mchanga.

Nyumba ina pia mfumo wa kupasha joto vyumba vyote, lakini bili zilipopanda familia iliamua kuuzima na kukaa chumba kimoja. Mama na kichanga walishinda sebuleni, wakati mwingine hadi usiku wa manane, moto ukiwaka. Mlango ulifungwa ili joto lisitoroke.

Baada ya wiki moja kila mtu alikuwa na lake. Mvulana alirudi shuleni mchangamfu, lakini ikifika saa mbili usiku analia kichwa, mara mbili akatapika. Mama yake alisikia kizunguzungu akisimama, akasema ni damu aliyopoteza wakati wa kujifungua. Mtoto mchanga alilala sana na kunyonya kwa uvivu. Majirani wakampongeza mama kwa kupata mtoto mpole. Baba peke yake alikuwa mzima kabisa. Alisema ni virusi vya shuleni, vinapita.

Jumapili Bibi alikwenda kanisani kwa miguu, kichwa kikimuuma. Kabla ibada haijaisha kikaondoka. Alirudi nyumbani, akaketi penye moto, na baada ya saa moja kikarudi. Jumatatu alimsindikiza mjukuu shuleni, ikawa vilevile. Kipimajoto kilionyesha hakuna aliye na homa. Hakuna aliyekohoa, wala pua haikumtiririka mtu. Alasiri ile alimkuta binti yake ananyonyesha, akaketi chini karibu naye.

“Mwanangu, kichwa hiki nakifahamu. Ni cha mkaa.”

“Mama, hapa hakuna mkaa. Ni gesi.”

“Gesi hiyo haiungui?”

“Inaungua.”

“Basi.”

Ndipo Bibi akasimulia jambo ambalo binti alikuwa hajawahi kulisikia. Mwaka 1991, mwezi wa Julai, Njombe ilikuwa na baridi ya kufa ganzi. Bibi, wakati huo mzazi wa wiki tatu, alisubiri jiko la mkaa liache kutoa moshi, akaliingiza chumbani ili kichanga chake kipate joto, akafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kanga. Alfajiri mama mkwe wake alikuja kuomba moto, akabisha, kimya. Aliusukuma mlango akawakuta wote wawili hawajitambui. Walivutwa nje kwenye umande na kupepewa, na mama akazinduka akiwa na kichwa kilichomuuma siku mbili. Mtoto akalia baadaye sana, kwa sauti ya paka. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa anamsikiliza sasa, ana wake mapajani.

Kwa nini hakuwahi kusema? Aliona aibu. Wanawake wa mtaani walisema alitaka kuua mtoto kwa uzembe, wakati yeye alihangaika usiku kucha asipatwe na baridi.

Alichokijua Bibi kwa mwili wake kina maelezo mafupi. Mkaa, kuni, mafuta ya taa na gesi, vyote vikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hujishika kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo mtu anapumua vizuri huku mwili ukikosa hewa. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, mambo ambayo kila mama wa mtoto mchanga anayo hata bila sumu yoyote. Watoto wadogo, wajawazito na wazee huumia mapema.

Hapa wengi huchanganya. Gesi ya mtungi tunayopikia, kama ile ya bomba ya Uingereza, hutiwa harufu kwa makusudi ili ikivuja tuinuse. Hiyo ni gesi ambayo haijaungua. Kaboni monoksidi ni zao la kuungua vibaya, na pua haina habari nayo. Anayesema “ningesikia harufu” anazungumzia hatari nyingine kabisa. Na mkaa ulioacha kutoa moshi, ule mwekundu unaopendeza, bado unaitoa kwa wingi. Yule mama wa 1991 alisubiri moshi uishe, kama wanavyofanya wengi hadi leo huko Makete, Mbeya na Lushoto.

Binti alisita. Kengele ipo pale kwenye ngazi, mbona haijalia? Na wakimsumbua mwenye nyumba, akiwaambia watafute pengine, watakwenda wapi na kichanga? Kisha akamtazama mtoto. Alikuwa ameacha kunyonya, titi likiwa bado mdomoni, na alipomtekenya unyayo hakuvuta mguu.

Alizima moto. Akafungua mlango wa mbele na wa nyuma, akatoka na mtoto bila viatu. Mvulana alikuwa bado shuleni. Aliyebaki ndani ni baba, amelala ghorofani. Bibi, ambaye tangu afike alikuwa hajapaza sauti mbele ya mkwewe, na anayemwamkia huku ameinamisha macho, alisimama chini ya ngazi akampigia kelele kama anafukuza ngedere shambani.

“Baba! Amka! Toka nje!”

Kutoka kwa jirani walipiga namba ya dharura ya gesi ya Uingereza, 0800 111 999, ambayo ni ya bure na inapokelewa saa 24. Mtu alifika siku hiyohiyo, akafunga gesi, akapima hewa, akaufungia moto ule lebo ya onyo kwamba usiwashwe. Hospitalini mama alieleza mwenyewe mambo mawili: sote tunaumwa pamoja, na tukitoka nje tunapona. Ni vizuri alisema. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliyekwisha kudhurika. Jibu hutoka kwenye kipimo cha damu. Damu za watatu, mama, Bibi na kichanga, zilionyesha sumu. Waliwekewa oksijeni, kichanga kikalazwa usiku mmoja. Saa tisa za usiku kikalia kwa njaa hadi wauguzi wakacheka.

Baada ya siku chache alikuja fundi wa kuukagua moto wenyewe. Uingereza kazi hii haifanywi na fundi yeyote wa mtaani. Lazima awe kwenye orodha ya Gas Safe Register, na ana kitambulisho chenye picha ambacho nyuma yake kimeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Mpangaji ana haki ya kukiomba, na huyu alikitoa kabla hajaulizwa.

Alianzia ukutani. Karibu na sakafu, nyuma ya kochi, palikuwa na tundu la hewa lenye ukubwa wa kiganja. Moto wa aina ile huvuta hewa yake humohumo chumbani, na tundu lile ndilo linalourudishia. Fundi aliingiza vidole akavuta sweta la kijivu. Baba alilitambua. Alilisokomeza mwenyewe mwezi wa Oktoba, mke wake akiwa mjamzito wa siku za mwisho, kwa sababu upepo ulipenya pale na kumpiga miguuni.

Kisha akapiga magoti mbele ya moto. Makaa ya bandia yalikuwa yamepangwa vizuri mno, makubwa chini, madogo juu. Mama ndiye aliyeyapanga, siku alipofuta vumbi akijiandaa kumpokea mama yake. Fundi alitoa kitabu cha maelekezo chenye picha ya mahali pa kila kipande. Kipande kikikaa njiani mwa ndimi za moto, gesi haiungui yote, inaacha masizi. Masizi yalikuwepo, meusi, juu ya udongo mweupe. Kwenye jiko la kupikia, moto wa njano ni dalili mbaya ambayo kila mzazi anapaswa kuifahamu, lakini kwenye moto huu wa urembo njano ndiyo rangi yake, kwa hiyo hakuna macho ambayo yangeshtuka.

Mwisho akawasha kidonge cha moshi mzito akakiweka kwenye mdomo wa dohani. Moshi ule ulitakiwa kupanda kama unaitwa. Ulipanda kidogo, ukasita, ukageuka na kumiminika sebuleni kwa utaratibu kabisa. Ndiyo njia iliyokuwa ikifuatwa kila jioni na moshi ambao hauonekani. Msafisha dohani alipokuja alitoa vijiti ndoo nzima, na zaidi, pamoja na manyoya na sufi za kondoo. Huko kuna kunguru wadogo ambao majira ya kuchipua hudondosha vijiti ndani ya dohani hadi vikwame, wajenge kiota juu yake. Walishahama, vijiti vikabaki.

Na kengele ya ngazini? Ni ya moshi tu. Kaboni monoksidi ina kengele yake, kifaa kingine kabisa. England, tangu Oktoba 2022, mwenye nyumba ya kupangisha anatakiwa kuweka kengele hiyo katika kila chumba chenye chombo kilichofungwa kinachochoma gesi, kuni au makaa, ukiacha jiko la gesi la kupikia. Hapa haikuwepo. Sheria nyingine, ya 1998, inamtaka agharimie ukaguzi wa gesi kila miezi 12 na kumpa mpangaji nakala ya hati. Hati ya mwisho iliyopatikana ilikuwa na zaidi ya miaka mitatu. Familia haikuwahi kuiulizia, kwa hofu ileile ya kuambiwa wahame. Kwa mpangaji hofu hiyo inaeleweka, lakini kosa la mwenye nyumba ni kubwa kuliko sweta na makaa kwa pamoja, kwa kuwa fundi wa mwaka mmoja tu angeyaona yote matatu ndani ya saa moja. Alipopigiwa simu na kutajiwa lebo ya onyo, mwenye nyumba alilipa bila ubishi.

Dohani ilisafishwa, juu ikavikwa kofia ya wavu wa waya. Tundu likaachwa wazi, kochi likasogezwa. Makaa yakapangwa kwa kitabu. Moshi ulijaribiwa tena milango na madirisha yakiwa yamefungwa, ukapanda. Kengele mpya ikafungwa ukutani, kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye moto, nyuma yake pameandikwa mwaka wa kuibadilisha, kwa kuwa nazo huzeeka.

Kilichokuwa hakijatengenezwa ni baba. Kwa siku tatu alikula amesimama jikoni, akaondoka kazini kabla ya saa. Hakumtazama mama mkwe usoni. Jioni ya nne Bibi alimwita, akamwomba akae, akamsimulia habari ya Julai 1991, yote, hadi kanga aliyoziba chini ya mlango. Binti alikuwa jikoni akisikia. Mkwe alisikiliza mikono ikiwa katikati ya magoti.

“Kwa hiyo hata Mama…” alisema mwishoni.

“Hata mimi, baba. Kanga yenyewe nilikuwa nimenunuliwa siku hiyo.”

Bibi alirudi Njombe mwezi wa Februari, sandukuni ana kengele mbili za betri, moja ya kwake, nyingine ya jirani mwenye mjukuu mchanga. Sweta la kijivu alikuwa amelifua na kulianika. Mkwe wake huenda nalo kazini.