UPEPO WA MAKUTUPORA

Makutupora iko kaskazini ya mji wa Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Arusha. Njiani utaona mibuyu, mawe makubwa na mashamba ya zabibu. Ndugu msomaji, hii ni nchi kavu. Mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Kisha hukatika. Kuanzia Juni upepo wa kusini-mashariki huvuma, huinua vumbi na kuinamisha matawi.

Makutupora inajulikana kwa maji. Mji wa Dodoma hunywa maji ya visima virefu vya hapa. Wataalamu wamepima maji hayo ya chini ya ardhi tangu miaka ya 1950. Wameona kwamba hupanda sana katika miaka michache ya mvua kubwa, kama zile za El Nino za 1997 na 1998. Pampu zikivuta mno, maji hushuka. Tena visima viwili vikikaribiana, kila kimoja humnyang'anya mwenzake.

Je, upepo nao unaweza kunyang'anywa? Ndiyo.

UPEPO HUCHOKA

Watazame akina mama wanaopepeta mtama. Hawasimami mmoja nyuma ya mwingine. Wa nyuma angepata upepo hafifu, na makapi ya mwenziwe yangemwangukia. Husimama ubavu kwa ubavu.

Mashine za kufua umeme wa upepo ziko hivyo hivyo. Kila mashine ina mapanga matatu juu ya mnara mrefu. Upepo huyasukuma mapanga, nayo huzungusha mtambo wa umeme. Upepo unaotoka nyuma ya mapanga umechoka. Mwendo wake ni mdogo, na unayumbayumba. Mashine iliyo karibu nyuma hufua umeme kidogo, na vyuma vyake huchakaa upesi.

Hasara si ndogo. Mwendo wa upepo ukipungua kwa nusu, nguvu yake haibaki nusu. Hubaki sehemu 1 tu kati ya 8.

Huko Denmark, mahali paitwapo Horns Rev, mashine 80 zimesimama baharini. Siku moja ya Februari 2008 hewa ilikuwa na unyevu mwingi. Ukungu ulijitokeza nyuma ya mashine kama mikia mirefu. Picha ilipigwa, na watu wakauona kwa macho upepo uliochoka.

MAJIRANI ZETU WA KENYA

Karibu na Ziwa Turkana, katika Marsabit, kuna mashine 365. Zilianza kupeleka umeme kwenye gridi ya Kenya mwaka 2018. Zote pamoja zinaweza kutoa megawati 310. Upepo wa huko hupita kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru, kama maji katika mfereji. Karibu mwaka mzima hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo mashine zimepangwa kwa safu zinazoukabili upepo.

Kipimo kinachotumiwa mahali pengi ni upana wa duara la mapanga. Kwa ubavu, huachwa mara 3 hadi 5 ya upana huo. Kwa nyuma, huachwa mara 5 hadi 9. Duara la mashine za Turkana lina upana wa mita 52. Mara 3 ni mita 156. Mara 7 ni mita 364.

Hapa kwetu, huko Mwenga, Mufindi, mashine 3 zilianza kazi mwaka 2020.

Kinu kidogo cha kuvuta maji ya kijiji nacho kina masharti. Usikisimamishe nyuma ya mbuyu wala nyuma ya shule. Mti wa mita 10 unaweza kuuvuruga upepo hadi mita 200 nyuma yake. Tafuta mahali palipo wazi, na mnara uwe mrefu kupita miti.

ARDHI NI YA NANI?

Mashine zikiachana, ardhi inayohitajika ni kubwa. Shamba la Turkana lilipewa ekari 150,000. Mwaka 2014 baadhi ya wananchi walikwenda mahakamani kupinga jinsi ardhi hiyo ilivyotolewa.

Lakini mguu wa mnara huchukua mahali padogo. Katikati ya minara watu wanaweza kulima na kuchunga, mradi wamekubaliana mapema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika kugawa ardhi ya kijiji.

Basi wageni wakija kupima upepo kijijini kwako, uliza haya mkutanoni:

1. Upepo umepimwa mwaka mzima, au siku chache tu?
2. Mashine zitaachana mita ngapi, na kwa nini?
3. Nani atalima na kuchunga katikati yake?

Majibu yaandikwe, na yasomwe mbele ya wote kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.