Ndimu za Bagamoyo, jagi la watoto na glasi ya mzazi

Barabara ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo ina urefu wa kama kilomita 70. Ukishapita Tegeta na Bunju, minazi inaongezeka, na mbele kidogo utawaona wauza madafu na matunda kando ya lami. Familia nyingi hupita hapa mwishoni mwa wiki kwenda kuona magofu ya Kaole, Mji Mkongwe na Misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Mzazi anayerudi na mfuko wa ndimu amebeba nusu ya kinywaji kinachouzwa ghali kwenye baa za hoteli: whiskey sour.

Kinywaji hiki kina vitu vitatu tu: wiski, maji ya ndimu au limau, na shira. Mwaka 1862 Jerry Thomas, mhudumu wa baa wa Marekani, alichapisha kitabu cha kuchanganya vinywaji, na jamii hii ya vinywaji vichachu tayari ilikuwemo. Lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi, tena linatoka upande wetu wa bahari. Karne ya 17, Waingereza waliofanya biashara India walikunywa punch, jina ambalo wengi hulihusisha na neno la Kihindi lenye maana ya tano: pombe, sukari, ndimu, maji na viungo.

Kwa hiyo mtu wa pwani haanzi sifuri. Shira tunaijua kwenye kaimati, ila hii iwe nyepesi: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, chemsha hadi sukari iyeyuke, acha ipoe. Kamua ndimu, chuja, changanya na shira kidogo kidogo huku ukionja hadi uchachu na utamu vipatane. Ongeza maji baridi na barafu, umepata sharubati ya ndimu. Hiyo ni ya wote: watoto, bibi, na jirani Mwislamu asiyegusa pombe. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Bagamoyo, mwenyeji mwenye adabu huandaa jagi hilo kwanza.

Mtu mzima anayekunywa achukue chupa safi ya jemu yenye mfuniko. Atie wiski vijiko vikubwa vinne, maji ya ndimu viwili, shira viwili visivyojaa, na barafu tele. Afunike, atikise kwa nguvu sekunde 15, achuje kwenye glasi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wakimaanisha lawama. Hapa maji ya barafu ni sehemu ya kinywaji. Ndiyo yanayopunguza ukali.

Ukali ukipungua, kilevi kinabaki palepale. Vijiko vinne ni mililita 60. Kwa wiski ya asilimia 40, hizo ni mililita 24 za kilevi, karibu sawa na bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Glasi mbili ni bia kubwa mbili, na utamu wa shira unakuficha hilo. Basi kinyweke nyumbani gari likishaegeshwa, si ufukweni kabla ya kuanza kilomita 70 za kurudi huku watoto wamelala kiti cha nyuma.

Jambo la mwisho, mzazi mwenzangu. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017, kilio kimoja kilikuwa urahisi wa pombe ile kufika mikononi mwa vijana. Nyumbani hatari ni ya namna nyingine: whiskey sour inafanana na sharubati, na mtoto mwenye kiu haulizi. Tumia glasi ya umbo tofauti, usiiache mezani, na chupa ikae kabati la juu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukamua ndimu na kukoroga shira, na ataifurahia kazi hiyo. Wiski itoke kabatini jagi likishaondoka jikoni.