Shauri Yako na mwembe usiokuwepo

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana huku Migori. Leo naomba niache habari za programu na seva, niwaeleze kuhusu mtaa nilikokulia: Shauri Yako, mjini Homa Bay.

Mwaka jana jirani ya mama aliugua ghafla usiku. Gari likaitwa, dereva akapiga simu: "Mko wapi hasa?" Mama akamjibu kama tulivyozoea: "Teremka na barabara, ukifika penye mwembe ingia kushoto." Shida ni kwamba mwembe wenyewe ulikatwa zamani. Sisi bado tunaita "penye mwembe", lakini dereva alikuwa mgeni. Alizunguka karibu saa nzima, mpaka kijana wa bodaboda alipomfuata kwenye lami. Jirani alipona, namshukuru Mungu, lakini mimi sikulala.

Kesho yake nikafungua OpenStreetMap. Kwa wasioijua, hii ni ramani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati data za ramani za serikali ya huko zilikuwa ghali. Nilipovuta picha hadi kwetu nikaona barabara kubwa, ziwa, kilima cha Asego, kisha nafasi tupu. Halafu nikaangalia kitongoji kimoja cha London: hata sanduku la barua lina alama yake!

Nikaanza kazi wikendi. Jinsi inavyofanyika ni rahisi: unachora njia na majengo juu ya picha za setilaiti, kisha unatembea na simu yenye GPS ili kuhakikisha na kuandika majina. Kila kitu hupewa lebo. Lebo za mwanzo zilibuniwa na watu wa Ulaya, kwa hiyo baa na posta zilipata mahali mapema. Lakini lebo mpya zinaruhusiwa, na siku hizi hata wakala wa pesa kwa simu ana yake. Nikaweka bomba la kuuzia maji, kinu cha kusaga mahindi, duka la dawa, kinyozi, shule ya chekechea na kituo cha bodaboda. Hizo ndizo huduma zetu za kila siku.

Jumamosi ya pili mzee mmoja akanisimamisha. "Kijana, unapima nini? Mnataka kutubomolea?" Nikanyamaza, maana swali lake lilikuwa la haki. Katika miji yetu, mtu anayepita akiandika mara nyingi hufuatwa na tingatinga. Nikampa simu aone mwenyewe. Nikamweleza kwamba siandiki jina la mwenye nyumba wala mpangaji, ila njia na huduma za wote. Sikumwambia kwamba ramani haiwezi kutumiwa vibaya, kwa sababu ingekuwa uongo. Kilicho wazi kwa dereva wa wagonjwa kiko wazi kwa kila mtu.

Akaitazama sana. Kisha akasema, "Hapa umekosea, njia hii haitokei upande ule." Tukatembea pamoja mpaka jioni. Alinikumbusha enzi ambazo Homa Bay ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya South Nyanza, na watu wa Migori walilazimika kuja huku kwa shughuli za serikali. Wilaya hiyo iligawanywa miaka ya 1990, na tangu 2013 kila upande una kaunti yake. Kwa makubaliano, sikuchora nyumba moja moja upande wake wa mtaa. Nilichora njia tu, na zinatosha kumfikisha dereva.

Na pale kwenye kona nikaandika jina: Penye Mwembe. Mti haupo, lakini sasa mgeni anaweza kuutafuta kwenye simu na akafika.

Kazi haijaisha. Hapa Migori nataka kuanza na Oruba, na safari hii nitawatafuta wazee kwanza kabla ya kuwasha GPS. Wewe je, mtaani kwako watu huelekezana kwa mti gani uliokwisha kukatwa?

Tuonane wiki ijayo, nitarudi kwenye programu.