Kasoro Iliyofichika

Katika maduka kadhaa ya hapa Kasuku twasoma ukutani kwamba mali ikiisha kuuzwa hairudishwi. Wengi wetu huyasoma maneno hayo na kunyamaza, tukidhani shauri limekwisha. Yafaa tujue sheria ya nchi yetu yasemaje.

Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo ni sehemu ya Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo, yamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika, yaani zile ambazo mnunuzi hakuweza kuzitambua, nazo zakifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi ana hiari: akirudishe apewe bei yote, au abaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Kukitengeneza pia kwawezekana, pande mbili zikipatana. Muuzaji asiyeijua kasoro aweza kupatana na mnunuzi tangu mwanzo kwamba hatawajibika. Lakini aliyeijua akaificha, maandishi ya ukutani hayamwokoi; naye hudaiwa hata fidia ya hasara.

Mwaka jana tulinunua betri ya umeme wa jua kwa ajili ya mafundisho ya jioni. Siku ya tisa ikazimika. Kesho yake tuliirudisha pamoja na karatasi yenye tarehe, bei na namba ya betri, tukaomba ipimwe mbele yetu. Muuzaji, kijana wa rika lenu, alipoona kweli imekufa, alisema: «Mwalimu, nami niliinunua Goma bila karatasi. Nitamdai nani?» Alitulipa kwa mafungu matatu, kutoka mfukoni mwake.

Tulipata haki yetu, bali hasara ilimwangukia mdogo kuliko wote. Yeye naye alikuwa mnunuzi mbele ya aliyemuuzia, akiwa na haki ileile, ila hakuwa na ushahidi.

Basi, mnaponunua simu, redio au paneli, ijaribuni dukani, dai karatasi, na mkiona kasoro rudini upesi. Simu iliyoanguka majini msiirudishe mkisema ililetwa mbovu. Na ninyi mnaofanya biashara, daini karatasi kwa wanaowauzia, nanyi mwandikieni kila mnunuzi, hata asipoiomba.